Ukuta wa Nguo Mbichi

Nianze na aibu yangu mwenyewe, usije ukaisikia kwa mwingine ikiwa imetiwa chumvi. Nilipewa kazi ya kufuta ukuta wa shemeji yangu, na nikaikubali. Sikulazimishwa wala sikubembelezwa. Msimamizi wa ile nyumba alinipigia simu asubuhi, akasema, "Fundi, nina ukuta umechafuliwa, njoo uupake krimu," nami nikamjibu nakuja, nikabeba ngazi yangu na rola yangu, nikaenda. Nilijua ni ukuta upi. Mji mzima hauna mwingine wa namna ile.

Shemeji ninayemsema ni dada mkubwa wa mke wangu. Majirani humwita Mama Povu, kwanza kwa sababu ni dobi wa hospitali, pili kwa sababu ukimchokoza atakutolea povu mpaka uutafute mlango kwa kupapasa. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na utani wetu hauna breki. Siku nilipokwenda kwao kumposa mdogo wake, nimevaa shati langu la pekee lisilo na tone la rangi, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu ndiye fundi rangi? Mbona mwenyewe hajapakwa?" Nilimpenda hapo hapo, na nikamwogopa hapo hapo.

Kazi yake uielewe kwanza, maana bila hiyo hutamwelewa yeye. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya hospitali, hakina dirisha, kina feni mbili za ukutani na moja haizunguki. Mashuka yanaletwa kwa toroli yakiwa na kila kitu kinachoweza kutoka mwilini mwa binadamu. Yeye huyachambua kwa mkono, huyaloweka kwenye dawa, huyaingiza mashineni, huyatoa, huyapiga pasi, huyakunja. Miaka ishirini na mmoja sasa. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mbele ya macho yake ni mashuka meupe, foronya nyeupe, makoti meupe, vigae vyeupe na mvuke.

"Weupe nimeushiba, shemeji," aliniambia mara moja. "Nikirudi nyumbani hata maziwa siyataki kuyaona."

Nyumbani kwenyewe kulikuwa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba kumi na viwili, ghorofa moja, ua katikati, bomba moja la maji na kamba sita za kuanikia nguo. Nyuma ya zile kamba kulikuwa na ukuta mrefu, mtupu, ambao hakuna aliyewahi kuugeukia isipokuwa kuegemea baiskeli. Shemeji alikaa kile chumba miaka kumi na tisa. Alikilipia kila mwezi bila kukumbushwa, alisafisha mfereji ambao haukuwa zamu yake, na mtu akiugua usiku yeye ndiye aliyegongewa mlango.

Na mambo ya ukuta, ukitaka kumtafuta mchawi, mchawi ni mimi. Fundi rangi hakosi mabaki. Umemaliza geti la watu, kopo limebaki robo; umemaliza paa, limebaki nusu. Dukani halirudishwi tena, na kwangu mke wangu alishapiga marufuku makopo kuanzia mlangoni mpaka uvunguni. Basi nikampelekea shemeji makopo saba: kijani, nyekundu ya mabati, bluu, njano, hudhurungi, nyeusi na nyeupe. Yote rangi ya mafuta. Nikamwambia apake mlango wake, ulikuwa umechakaa hadi aibu.

Alipaka mlango. Ulimchukua asubuhi moja, na makopo yakabaki karibu vilevile. Siku hiyo alikuwa ameanika gauni lake la kijani kwenye kamba ya mwisho kabisa, karibu na ukuta, likidondosha maji. Akalitazama. Halafu, bila kumwomba mtu ruhusa, akalichora ukutani nyuma ya lile la kweli, kwa urefu wake, na mikunjo yake, na vibanio vyake viwili, na matone matatu yakianguka.

Nilipopita jioni nikalikuta. "Shemeji, hii nini?"

"Gauni."

"Gauni nimeliona. Nauliza la nini?"

"Wewe ukimkuta mtu njiani amevaa gauni, humwulizi la nini?"

Nikaaga. Lakini nilipotoka pale niligeuka mara mbili kulitazama, na mara ya pili niliapa kwamba tone moja limeshuka.

Nilimwuliza baadaye kwa nini huzichora zikiwa mbichi, maana zote alizochora baada ya lile gauni ni mbichi, hakuna hata moja kavu. Akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga: nguo ikikauka inasahau. Ikiwa na maji bado inamkumbuka mwenyewe. Kiwiko kiko hapa, tumbo liko hapa, mgongo uliochoka uko hapa. "Miaka yote hii nashika nguo za watu," alisema, "naweza kukuambia mgonjwa gani analalia ubavu gani, na uso wake sijauona."

Siku nyingine nilijitia ufundi. Alikuwa anachora shati jeupe, nikamsogezea kopo la nyeusi ili atie kivuli kwenye mikunjo. Akalisukuma kwa kidole. "Kivuli cheusi umekiona wapi wewe? Angalia." Nikaangalia. Ndani ya mikunjo ya lile shati mlikuwa na bluu, na karibu na kola palikuwa na njano kidogo, na chini, ambako sakafu ya ua inarudisha mwanga, palikuwa na rangi ambayo mpaka leo sina jina lake. Nilishikwa na butwaa. Nimepaka nyumba za watu nyeupe kwa miaka ishirini, na nilikuwa sijaiona nyeupe hata siku moja!

Ukawa utaratibu wa nyumba, na hakuna aliyeupanga. Mpangaji mpya akija, hachorwi. Anaanika nguo zake kamba ya pili, kamba ya tatu, miezi inapita, na shemeji anazitazama akirudi kazini. Mpaka siku moja anachagua moja, anaichora, na tangu hapo yule mtu si mgeni tena. Mlinzi wa ghala, anayekaa chumba cha juu, alikasirika sana alipoona limechorwa lile koti lake la zamu, la kifungo kimoja.

"Mama Povu, umenidhalilisha. Ungenichorea suti."

"Suti unayo?"

"Sina, lakini ukutani ingenigharimu nini?"

"Ukinunua suti, ukaivaa mpaka ikachafuka, ukaifua hapa, njoo tuzungumze."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mlinzi alinuna siku tatu. Siku ya nne nilimkuta amemleta mwenzake wa kazini, anamwonyesha lile koti kwa kidole, kifungo kile kimoja, anaeleza kilipopotelea cha pili. Fundi viatu, mzee wa watu, chumba cha chini, aligeuza kigoda chake ili ashone akiwa ameelekea ukutani badala ya kuelekea barabarani, ingawa barabarani ndiko waliko wateja. Aproni yake ilikuwa pale, imekauka gundi kifuani, imelowa kwingine kote. "Mimi maisha yangu sijawahi kuwekwa mahali nikatazamwa," aliniambia. Aliyehama hakufutwa. Kulikuwa na mshonaji mmoja aliyekwenda kuishi mbali, na kila alipopita mjini aliingia uani, akaitazama blauzi yake, akaipapasa, akaenda zake.

Sasa nikwambie jambo ambalo mke wangu hakulijua. Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye mwenye ngazi na kadi yenye namba ya simu, na hakuna kiumbe aliyewahi kugeuza kigoda ili autazame ukuta niliopaka mimi. Ulikuwa wivu mdogo, wa chinichini, lakini ulikuwepo. Msimamizi aliponipigia simu, ule wivu ndio uliojibu.

Msimamizi mwenyewe alikuwa mpya. Mpwa wa mwenye nyumba, kijana wa miaka thelathini na kitu, funguo kiunoni, koti la kitambaa kizuri hata kwenye joto. Mwenye nyumba anaishi mbali, na alikuwa amemwambia nyumba ipendeze, basi. Kwake yeye kupendeza kulikuwa krimu, kuanzia getini mpaka chooni. Alipouona ukuta kwa mara ya kwanza aliingia ofisini kwake pale getini, akatoka na karatasi iliyopigwa chapa.

Karatasi ilisema hivi: mimi fulani, mpangaji wa chumba namba nne, nakiri kwamba niliharibu ukuta wa nyumba kwa kuuchafua, naomba radhi, na sitarudia. Chini, mstari wa sahihi. Asipotia sahihi, chumba aachie.

Shemeji aliisoma akiwa amesimama, beseni kiunoni. Aliisoma mara mbili. Halafu akamrudishia.

"Ukuta ni wa mwenye nyumba," alisema. "Akitaka kuufuta, aufute, siwezi kumzuia. Lakini karatasi yako ina uongo."

"Uongo gani?"

"Inasema niliharibu."

"Sasa hayo madoa yote ni nini?"

We! Kumwambia dobi kuhusu madoa! "Kijana, madoa usinifundishe. Mimi nayafuta tangu wewe unavaa kaptula ya shule. Doa linakuja lenyewe. Haya nimeyaleta mimi, moja moja, kwa akili zangu timamu, na sahihi yangu huipati."

Ndipo msimamizi alipoamua ukuta ufutwe kwanza, karatasi ifuate. Ndipo aliponipigia mimi.

Nilipofika na ngazi, shemeji alikuwa mapumzikoni. Alinitazama nikiingia. Nilitegemea matusi, na kwa kweli ningeyashukuru. Yeye alileta kiti chake, akakiweka katikati ya ua, akakaa, akafumbata mikono.

"Karibu kazini, shemeji," alisema. Basi. Hakuondoka pale mpaka alasiri.

Nilimwambia msimamizi lile ambalo fundi yeyote angemwambia. Ukuta una mafuta. Rangi ya maji juu ya mafuta haishiki, lazima upigwe msasa kwanza wote, siku mbili, upanguswe vumbi, ndipo upakwe. Akaniuliza kama namwona mtoto. "Nyinyi mafundi mnapenda kujiongezea siku. Paka tu." Tena rangi aliyoninunulia ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na nilipofungua ndoo nikakuta imeshaongezwa maji na mtu asiyejua kipimo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kupiga msasa kimyakimya kwa heshima ya kazi yangu. Sikufanya hata moja. Nilichovya rola.

Kwanza nilifuta blauzi ya mshonaji, kisha koti la mlinzi, kisha aproni. Fundi viatu alikibeba kigoda chake akaingia nacho ndani, akafunga mlango. Nikafuta sare za watoto wa mwalimu, suruali ya dereva, kanga mbili, soksi saba zisizo na wenzao. La mwisho lilikuwa gauni la kijani. Nilipitisha rola kutoka mabegani kwenda chini, mara mbili, na yale matone matatu nikayafunika moja moja. Ukuta ukawa krimu, safi, umenyooka. Kazi nzuri, kama unapenda kutazama kitu kisicho na kitu.

Shemeji akainuka. Akaukaribia, akaugusa kwa ncha ya kidole, akanusa kidole.

"Hujapiga msasa."

"Sikupewa nafasi."

"Mh."

Halafu akaingia chumbani kwake, na kabla mlango haujafungwa nilimwona analia. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake hakulia mbele za watu. Nilikusanya vyombo vyangu kama mwizi. Nyumbani, mke wangu alikuwa ameshapata habari. Aliniwekea chakula mezani, akaniambia, "Kula, fundi," na lile neno fundi alilitamka kwa namna ambayo chakula nilikiacha hapo hapo. Wiki mbili hatukuwa na mazungumzo mengine.

Kilichofuata ni fizikia tu, hakina miujiza. Kamba sita za nguo mbichi, mvuke wa jua la mchana, watu wanamwaga maji ya beseni karibu na msingi, na juu ya ukuta rangi ya maji isiyo na mahali pa kushika. Wiki ya tatu ilianza kutuna. Vipovu vidogo. Kisha vikapasuka, na magamba ya krimu yakaanza kudondoka juu ya nguo za watu. Mkono wa koti la mlinzi ndio uliotoka kwanza, mpaka kiwikoni. Mlinzi alipiga kelele akiwa juu kwenye ngazi za nyumba, "Nimerudi! Nimerudi jamani!" Watu wakadhani amechanganyikiwa.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Mwalimu alikwangua kwa rula. Fundi viatu alikwangua kwa kisu chake cha soli, taratibu, ulimi nje, asije akaijeruhi aproni. Watoto walitumia kucha. Shemeji mwenyewe hakugusa ukuta hata kwa kidole kimoja, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa anarudi kazini, anafua zake, anatazama kipi kimetoka leo, anaingia ndani. Watu wa nyumba za jirani wakaanza kuja, wanabisha hodi getini wanauliza, "Ndiyo hapa kwenye zile nguo?"

Msimamizi akaniita tena, kwa ukali. Nikaenda na ngazi. Safari hii nilienda na mke wangu pia, maana hakuniamini niende peke yangu. Tukakuta wapangaji wote uani, shemeji mbele yao katika sare ya kazini, na msimamizi ameshika ile karatasi. Nilidhani nimeitwa kugombezwa. Kumbe msimamizi alikuwa amebadilisha upepo.

"Mimi si mtu mbaya," alianza. "Watu wanakuja kutazama, nimeona. Tunaweza kuyamaliza. Mama, utanichora na mimi. Koti langu hili. Hapo katikati, juu, liwe kubwa kuliko mengine. Halafu utie sahihi karatasi hii, iwe ya faili tu, mwenye nyumba aridhike. Ukuta ubaki, chumba chako ubaki nacho."

Nani angekataa? Mlinzi alisema mchore yaishe. Mwalimu alisema mchore. Mke wangu alimshika mkono akamwambia, "Dada, tafadhali, utakwenda wapi?" Na mimi pia nilisema, sijifichi: "Shemeji, ni koti tu."

Nilimwona shemeji anaogopa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, magoti yake yameisha kwa sakafu ya maji, na hospitali ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Alimsogelea msimamizi, akaushika upindo wa lile koti kati ya vidole viwili, akausugua kidogo.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Kinafuliwa wapi?"

"Kwa dobi, mjini. Kwa mashine."

"Basi hapa hukai. Hawa wote wameanika hapa. Wamegombania kamba hapa, wameibiana vibanio hapa. Wewe una funguo tu."

Uso wa msimamizi ulimshuka, kisha ukapanda damu. Akaiweka karatasi juu ya kipago cha ngazi yangu, akaweka kalamu juu yake kwa kishindo.

"Haya. Sahihi. Hapa, sasa hivi. Ama sahihi, ama siku thelathini na unatoka."

"Sahihi yangu unaitaka kweli?"

"Naitaka."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote hawa."

Shemeji akaingia chumbani kwake. Uani bomba lilisikika likidondosha maji. Mke wangu akaanza kufuta machozi, maana alijua, kama tulivyojua sote, kwamba dada yake amekwenda kutafuta miwani ili asome pa kuweka jina.

Alitoka na kopo la nyekundu ya mabati na brashi nyembamba.

Hapa nisimame nikwambie ukweli, usije ukasema nimeipamba hadithi. Chumba kilikwenda. Siku ya thelathini tulihamisha kitanda chake, meza, mabeseni na makopo kwa mkokoteni, akaja kukaa kwetu, chumba cha nyuma, na sasa anaamka saa kumi na moja ili awahi kazini. Magoti hayajapona. Msimamizi aliita mafundi watatu waje kuufuta ukuta, na wote watatu walimwambia neno moja: msasa kwanza, siku tatu, na sisi wiki hii tuna kazi. Mji wetu hauna mafundi wengi, na niliwazungukia wote kwa miguu yangu. Ukuta upo mpaka leo. Wa kesho siujui.

Lakini ile alasiri hayo yalikuwa hayajatokea bado. Ile alasiri shemeji aliipita karatasi, akaipita kalamu, akaenda mpaka mwisho wa ukuta, chini, kulia, pembeni mwa gauni la kijani. Akapiga magoti yale mabovu juu ya saruji. Akachovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo jinsi nilivyowahi kumwonyesha, na akaanza kuandika jina lake, lile la kweli, ambalo nusu ya watu wa pale walikuwa hawajawahi kulisikia. La kwake, la baba yake, la babu yake. Miaka yote ile alikuwa hajaandika hata herufi moja kwenye ule ukuta. Aliandika polepole, herufi ndefu kama kiganja.

"Unafanya nini?" msimamizi alifoka. "Fundi! Mzuie!"

Mimi ndiye fundi. Nilikwenda. Nilichuchumaa karibu yake, nikaliona kopo limekaa vibaya, mbali na mkono wake, nikaliinua nikamshikia.

"Siku thelathini!" alipiga kelele msimamizi nyuma yetu. "Kuanzia leo! Mmesikia wote? Thelathini!"

Shemeji hakugeuka. "Nyingi hizo," alisema. "Shemeji, sogeza kopo."